Mstari Ulioachwa Hospitalini

Sehemu mpya ya kituo cha Odenplan, jijini Stockholm, ilianza kupokea treni za viungani Julai 2017, handaki la Citybanan lilipofunguliwa. Kabla ya hapo, treni za viungani na za masafa marefu zilizokatiza katikati ya jiji kuelekea kusini zilibanana kwenye reli mbili, idadi ile ile ya tangu 1871. Moja ikikwama, zote zinasubiri.

Humo kituoni, juu ya vichwa vya abiria, msanii David Svensson amening'iniza kazi aliyoiita Life Line: takriban mita 400 za taa nyeupe za LED, zinazopanda na kushuka kwa kona kali kama radi. Umbo lake limetokana na mapigo ya moyo wa mwanawe, kama mashine ya hospitali ilivyoyachora wakati wa kuzaliwa.

Ni kazi nzuri hata kwa asiyejua hadithi hiyo. Dari la chini ya ardhi hulemea. Hili linaonekana kama nalo lina safari. Ukiijua hadithi, unaongezewa subira. Aliyewahi kukaa kando ya kitanda cha mzazi anajua jinsi macho yanavyoganda kwenye mashine ile, kama yanavyoganda kwenye ubao wa dakika treni inapochelewa.

Lakini mashine ile huchora mistari miwili. Wa juu ni moyo wa mtoto. Wa chini ni mikazo ya tumbo la mama. Mkunga huisoma yote miwili kwa pamoja, kwa sababu mapigo ya mtoto yakishuka, lazima ajue mama yuko wapi katika mkazo wake. Svensson amechukua wa juu tu.

Kiswahili kina neno moja, uchungu, kwa maumivu ya kuzaa na kwa ladha ya shubiri. Wahenga wakasema: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Pale Odenplan tunaoneshwa furaha ya baba, safi na nyeupe. Uchungu umeachwa hospitalini.

Mtu atasema msanii ana haki ya kuchagua, na kwamba mstari wa pili ungeijaza dari kupita kiasi. Huenda. Ila panda treni kuelekea kusini. Kituo kinachofuata kimeungana na T-Centralen, ambako Per Olof Ultvedt alichora jukwaa la njia ya buluu lililofunguliwa 1975. Wageni hupiga picha majani yake makubwa ya buluu yanayotambaa hadi darini. Wachache husimama mbele ya vivuli vya watu alivyochora humo humo: mafundi na vibarua waliokijenga kituo, wakiwa kazini. Hawana sura wala majina, lakini wapo. Wanauvuruga kidogo utulivu wa yale majani, na kwangu hapo ndipo kazi ya Ultvedt inapoishinda ya Svensson: inaupa abiria uzuri, kisha inamwonesha nani aliutolea jasho.

Kwa kipimo hicho, Life Line ni nusu ya karatasi. Nusu iliyopo inang'aa sana. Mkunga yeyote anayepita chini yake akienda zamu ya usiku anaweza kutwambia nusu nyingine ilikuwa na nini.