Nguo ya Mtoto Asiyetulia

Ingia soko la Darajani siku za kuelekea sikukuu ukiwa na mtoto wa kike, shida yako itakuwa kuchagua. Gauni za marinda, za mikono ya puto, za nyavu na za pamba zimetundikwa kuanzia sakafuni mpaka darini, kila rangi na kila umri. Ingia na mtoto wa kiume, na muuzaji atakuelekeza kwenye pembe moja ya duka. Hapo pana fulana yenye katuni kifuani, jinzi iliyopaushwa kiwandani ili ifanane na kuukuu kabla haijavaliwa, na suti ya vipande vitatu ya kitambaa kisichopitisha hewa, tai yake ya kipepeo imeshikizwa kwa mpira. Kwa joto la Unguja, suti ile ni adhabu. Mtoto huivaa kwa picha moja, kisha hulia mpaka avuliwe.

Wanaojua kuchambua mitumba hupata kitu, iwe soko la Karume pale Ilala, Kongowea Mombasa au Gikomba Nairobi. Lakini hata huko watoto wa kiume wana bahati ndogo. Suruali ya mvulana wa miaka 6 huwa imekwisha magotini na makalioni nyumbani kwa mwenyewe, haifiki kwenye belo. Inayofika ikiwa nzima mara nyingi ni ile ambayo mwenyewe aliikataa, na ukimvisha wako utajua sababu.

Huambiwa kwamba mtoto wa kiume hajali anavaa nini. Sikubali. Nendeni viwanja vya Mnazi Mmoja hapa Unguja jioni ya Idi muwatazame wavulana wanaofika na kanzu zao mpya: namna wanavyozishika pindo wakiruka dimbwi, namna wanavyoonyeshana mifuko. Wanajali sana. Wasichokitaka ni nguo inayowabana, inayowawasha, au inayowazuia kukimbia, na nguo nyingi za madukani zina angalau kasoro moja kati ya hizo.

Kasoro yenyewe huanzia kwenye kukata. Aliyebuni alichukua nguo ya mtu mzima akaipunguza kila upande, kana kwamba mtoto ni baba yake aliyefupishwa. Mwili hauendi hivyo. Mtoto wa miaka 5 ana kichwa chenye mzunguko wa karibu sentimita 51, na shingo ya karibu sentimita 27. Baba yake ana kichwa cha sentimita 57 hivi na shingo ya 38 au zaidi. Kwa hiyo kichwa cha mtoto kinakaribia kuwa mara mbili ya shingo yake, na cha baba ni mara moja na nusu tu. Punguza shingo ya kanzu ya baba kwa uwiano, na masikio ya mtoto yatakwama. Kiuno nacho: mtoto wa umri huo hana. Tumbo lake limekaribia kulingana na kifua, hivyo suruali haina mahali pa kushikilia, na mkanda hausaidii. Halafu ongeza kwamba hurefuka sentimita 5 au 6 kila mwaka, na kwamba hakai chini dakika mbili.

Mtu anayeyajua haya yote kwa vidole ni fundi cherehani. Yupo mmoja mtaani kwetu, mzee, anayeshonea barazani kwa cherehani ya miguu. Akinamama wa mitaa yote ya Ng'ambo humletea watoto wao wa kiume, na mimi nimejizoesha kukaa pale kutazama kila ninapopata nafasi, kwa sababu sijaona kazi nyingine inayomheshimu mtoto kwa kiasi kile.

Kwanza hapimi. Mtoto humwamkia, "Shikamoo babu," mzee huitika, "Marahaba, mjukuu wangu," kisha humwacha azurure barazani huku yeye akizungumza na mama. Anamtazama. Anataka kujua kama bega moja limeshuka, kama mtoto hutembea na tumbo mbele, kama ni wa kuchuchumaa au wa kupanda. Futi huja baadaye, na hupima vitu viwili ambavyo wengi huviacha: mzunguko wa kichwa, na urefu wa kutoka kiunoni mbele, kupita kati ya miguu, mpaka kiunoni nyuma. Kipimo hicho cha pili ndicho kinachoamua kama kaptula itachanika siku mtoto atakapoupanda mwembe.

Kitambaa cha pamba hakikati siku kilipoletwa. Hukiloweka, hukianika kivulini, hukipiga pasi, maana pamba hujikunja kwenye maji ya mwanzo, na bora ijikunje ikiwa bado ni kitambaa. Akishakitandika, hufuata uzi wake kwa kucha kutoka kwenye ukingo. Mguu wa suruali uliokatwa nje ya uzi utajipinda ukifuliwa, mshono wa pembeni utahamia mbele ya goti, na hakuna pasi itakayourudisha. Chaki hupita mara moja. Mkasi nao hauchezi: anaufungua, anausukuma hadi karibu na ncha, anaufungua tena, na vipande hutoka na kingo safi.

Lakini ustadi wake hasa uko kwenye kanzu. Kanzu ya ushoni wa zamani ni ya vipande vilivyonyooka. Badani hushuka kutoka begani mpaka chini, mbele na nyuma. Ubavuni huungwa taharizi, nyembamba juu na pana chini, ndizo zinazoipa kanzu upana wa kukimbilia. Chini ya mkono, pale mkono unapokutana na ubavu, hutiwa kikwapa, kipande kidogo cha pembe nne kilicholazwa kwa pembe. Mtu asiyejua huona kile ni kiraka. Kumbe ndicho kinachoachia mkono. Kanzu nyingi zinazoshonwa viwandani na kuletwa kwa makasha hazina kikwapa, na mtoto akiinua mikono kudaka mpira, kanzu nzima hupanda mpaka magotini. Ile ya mzee hubaki chini, mkono pekee ndio unaokwenda juu.

Kushona kikwapa ni kazi ya kuvumilia. Pembe nne, na kila pembe lazima iishe palepale mishono miwili inapokutana. Ikizidi uzi mmoja, kitambaa hukunyanzika. Ikipungua, panabaki tundu. Mzee hupiga bandi kwanza kwa mkono, kisha hupeleka kwenye cherehani, na akifika kwenye pembe mguu wake hupunguza mwendo mpaka sindano inashuka pigo moja moja. Husimamisha sindano ikiwa ndani ya kitambaa, huinua kikanyagio, hugeuza, hukishusha, huendelea. Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini hajabadilisha cherehani ile kwa ya umeme. Mguu wake unaisikia sindano.

Shingoni hutia kaba kwa ndani ili pasilegee, kisha hupasua mbele kwa urefu unaotokana na kile kipimo cha kichwa. Nyuma ya mpasuo hukaa lisani ili kifua kisionekane. Watu wazima hutaka darizi nyingi hapo, kiboko juu ya kiboko, na wenye jamaa Omani huongeza shada la nyuzi. Kwa mtoto, mzee huweka mstari mmoja wa hariri ya rangi ya maziwa na kuishia hapo. Uzi mwingi hukwaruza shingo, na mtoto mwenye shingo inayowasha haoni uzuri wowote.

Kaptula zake nazo zina siri za aina yake. Mbele, kiuno ni bapa chenye kifungo, kama cha mtu mzima, kwa kuwa wavulana hupenda kufanana na baba zao. Mpira umefichwa nyuma tu, kutoka mshono wa ubavu mmoja hadi mwingine, unanyumbuka na tumbo kabla na baada ya pilau. Magotini mwa suruali ndefu hutia kitambaa cha pili kwa ndani. Mifuko huikata kwenye kaki hata kama suruali ni ya kitambaa laini, maana mfuko wa mvulana hubeba gololi, mawe na maembe mabichi. Kifungo hukishonea juu ya kijiti cha kiberiti, hukichomoa kijiti, huuzungusha uzi ili kifungo kiwe na shingo. Kingo za tundu la kifungo huzishona kwa mkono, uzi umepitishwa kwenye nta. Nimeona kaptula aliyoishona ikirithiwa na mdogo wa mwenyewe, kitambaa kimepauka lakini matundu yamekaza.

Kuhusu urefu, huacha akiba kila mahali panapoweza kufichwa: pindo la vidole vinne, sijafu ya mkono iliyokunjwa mara mbili, na kitambaa cha ziada kwenye mshono wa nyuma wa kiuno. Tatizo la pindo ni kwamba likishushwa huacha alama ya mkunjo wa zamani. Yeye hupiga mistari miwili sambamba juu ya pindo tangu mwanzo, hivyo likishushwa, mstari mpya hupigwa palipo na alama na jicho huona pambo la mistari mitatu. Huo ni ubunifu wa mtu aliyekaa akafikiria mwaka ujao wa mtoto asiye wake.

Mashati ya kitenge sitayasimulia kwa kirefu, ila jambo moja: hulinganisha maua ya upande wa kulia na wa kushoto pale vifungo vinapofunga, na mfuko wa kifuani huukata ili ua lipite juu yake bila kukatika. Kwa shati dogo hivyo, hesabu ni ngumu kuliko la baba, kwa kuwa ua ni lilelile na nafasi ni nusu.

Na hapa ndipo ilipo sababu ya kweli ya maduka kujaa gauni na wavulana kubakiwa na pembe moja. Kaptula ya mtoto ina vipande visivyopungua 12, sawa na ya baba yake: mbele viwili, nyuma viwili, kiuno, mifuko na vipande vyake vya ndani, na vya kufungia mbele. Imepungua kitambaa, haikupungua kazi. Hata hivyo kila mteja hutaka kulipa nusu. "Fundi, si kijitoto tu hiki, nipunguzie," nilimsikia mama mmoja akisema. Mzee hakubishana. Alimpangia vipande juu ya meza, kimoja kimoja, kisha akasema, "Hesabu mwenyewe, mwanangu." Mama alihesabu, akacheka, akalipa alichotajiwa.

Si wote wanaohesabu. Vijana waliojifunza kwa mzee wamehamia kwenye magauni ya harusi, na siwalaumu. Gauni moja la bibi harusi hulipa kuliko kaptula nyingi. Lakini anayetaka mwanawe avae vizuri inampasa alipie ufundi, asilipie ukubwa wa nguo. Na awahi. Ikifika Ramadhani, barazani kwake taa huwaka baada ya tarawehe na cherehani hulia mpaka daku, na kabla ya kumi la mwisho huwa ameshafunga daftari. Kitambaa cha Idi hupelekwa mwezi wa Shaabani, pamoja na mtoto mwenyewe, na kimeshalowekwa kama mama ana nafasi.