"Kinga" Ipi? Uhakiki wa Istilahi za Malaria kwa Wasafiri

Katika kazi ya kusanifu istilahi, aghalabu twabishana juu ya maneno yasiyokuwapo: kitu hiki tukiite nini, tukope au tuunde. Ni mara chache tunaposimama kulihoji neno ambalo tayari lipo, linalojulikana na kila mtu, na ambalo halijapata kulalamikiwa na yeyote. Makala haya yanakusudia kulihoji neno moja la namna hiyo, yaani neno kinga, kama linavyotumiwa katika maandishi ya kuwaonya wasafiri juu ya malaria. Kwa maoni yangu neno hili limetwikwa dhana nne zisizofanana, na mzigo huo haumwelemei mfasiri bali unamwelemea msomaji, ambaye huenda akaulipia kwa uhai wake.

Si siku nyingi zilizopita, mezani kwetu uliletwa mswada wa kijitabu cha kurasa chache ili tuupitie. Kijitabu chenyewe kimetafsiriwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Ulaya, ambao husafiri kuja Afrika Mashariki kuwatazama jamaa zao. Tafsiri ilikuwa nadhifu, na sarufi yake haikuwa na dosari ya kutajika. Lakini katika ukurasa wa pili palikuwa na sentensi hii: "Kila msafiri ahakikishe kwamba ana kinga kabla ya kuondoka." Ndugu mmoja wa ofisini kwetu, mzaliwa wa Tanga, aliisoma kwa sauti, akacheka, akasema: "Basi mimi nimekwisha hakikisha tangu utotoni."

Mwenzetu alikuwa akitania, lakini utani huo ndio uhakiki wenyewe. Msomaji aliyekusudiwa na kijitabu hicho ni mtu kama yeye: alizaliwa penye mbu, aliugua malaria mara kadhaa akiwa mtoto, akapona, kisha akahamia London au Stockholm, akaishi huko miaka kumi. Akiambiwa ahakikishe ana kinga, atajibu kwa dhati ya moyo wake kwamba anayo. Naye hatakuwa amekosea Kiswahili. Atakuwa ameelewa neno kama alivyofundishwa na jamii yake.

Jambo hili si la kubuni. Uingereza, nchi ambayo haina malaria ya kudumu, iliandikisha wagonjwa zaidi ya 2,000 wa malaria katika mwaka 2023, wote wakiwa wameambukizwa nje ya nchi hiyo. Kwa miaka mingi imeonekana huko kwamba kundi kubwa kuliko yote si la watalii wala la wanajeshi, bali ni la watu wenye asili ya Afrika waliokwenda kuwatembelea ndugu na marafiki. Sababu ziko nyingi: gharama ya dawa, safari ya ghafla ya msiba, makazi ya muda mrefu vijijini. Lakini mojawapo inayotajwa daima ni imani ya msafiri kwamba mwili wake bado unaujua ugonjwa huu. Hapo ndipo neno letu linapoingia katika kesi.

Tuanze na asili ya neno. Kukinga ni kuweka kitu mbele ya kitu kingine ili kisipite. Twamkinga mtoto na mvua, twakinga uso kwa mkono, na hata tunapokinga maji ya paa kwa ndoo, maana ni ile ile ya kuyasimamisha njiani. Gogo lililolala barabarani limekingama. Katika methali ya "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo" tuna neno jingine kabisa, yaani kinga cha moto, na wingi wake ni vinga. Maneno hayo mawili hayajapata kumpoteza mtu, kwa kuwa ngeli imeyatenga. Lakini kinga nne za malaria zote zimo katika ngeli moja, katika kurasa zile zile, na hakuna kiambishi cha kuzitenga.

Kinga ya kwanza ni kizuizi baina ya mtu na mbu: chandarua kilichotiwa dawa, wavu wa dirishani, nguo za mikono mirefu, mafuta ya kufukuza mbu yanayopakwa mwilini. Mbu wa Anofelesi huuma zaidi tangu jioni hadi alfajiri, na kizuizi hiki hufanya kazi pale tu kilipo na wakati tu kinapotumiwa. Hapa neno linasimama juu ya maana yake ya asili, na hatuna ugomvi nalo.

Kinga ya pili ni dawa anazomeza mtu mzima asiyeumwa, ili asije akaumwa. Dawa hizi hazimzuii mbu kuuma, wala hazizuii vimelea kuingia mwilini. Vimelea vikiisha kuingia hukimbilia kwanza kwenye ini, hukaa humo wiki moja au zaidi, kisha ndipo hutoka na kuzivamia chembe nyekundu za damu. Dawa ya atovakwoni na proguanili huviua vingali katika ini, na kwa hiyo msafiri huianza siku 1 au 2 kabla ya safari na kuimaliza siku 7 baada ya kuondoka penye malaria. Doksisaiklini na meflokwini huvingojea katika damu. Kwa hiyo hazina budi kuendelea kumezwa kwa wiki 4 baada ya kurudi, mpaka vimelea vya mwisho viwe vimekwisha kutoka katika ini. Zingatia, ndugu msomaji, jinsi sentensi ya "ana kinga kabla ya kuondoka" inavyoificha nusu nzima ya maagizo hayo. Aliyeisoma atadhani kwamba kazi imekwisha siku ya kupanda ndege.

Kinga ya tatu ni chanjo. Msafiri wa Afrika Mashariki anaijua vizuri kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana huulizwa habari zake mipakani. Akikuta neno kinga karibu na neno safari, ni rahisi afikirie sindano na kadi. Kweli, leo ziko chanjo za malaria: ile iitwayo RTS,S ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, na ile ya R21 mwaka 2023. Lakini zote mbili zimependekezwa kwa watoto wanaoishi penye malaria, wala si kwa wasafiri watu wazima. Msafiri atakayezunguka zahanati za Ulaya akiitafuta "kinga" hiyo atarudi mikono mitupu, na labda ataondoka bila ya kitu chochote.

Kinga ya nne ndiyo ile ya mwenzetu wa Tanga. Mtu aliyeumwa na mbu wenye vimelea mwaka hadi mwaka tangu utotoni, mwili wake hujifunza kuishi na vimelea bila ya kuzidiwa. Hauvifukuzi vyote, huenda ukavikuta katika damu yake naye akilima shamba kama kawaida. Tena uwezo huo hudumu kwa kuchokozwa. Akikaa miaka kadhaa mahali pasipo malaria, hupungua, na hawezi kuutegemea tena. Ama watoto wake waliozaliwa huko Ulaya, hao hawakuupata kamwe, ingawa wana jina la ukoo na sura ya nyumbani.

Wako watakaosema kwamba muktadha utalifafanua neno. Hoja hii ina nguvu katika riwaya, ambamo msomaji anayo subira ya kurasa mia mbili. Kijitabu cha afya husomwa kwa kusimama, katika chumba cha kungojea, na aghalabu husomwa sentensi moja tu. Isitoshe, muktadha humsaidia anayetilia shaka. Mtu mwenye hakika kwamba amekwisha elewa hautafuti muktadha.

Wengine watapendekeza kwamba kinga irudishwe katika maana yake ya kizuizi, na maana nyinginezo zitafutiwe maneno mapya. Pendekezo hili linapendeza kwa mantiki lakini limechelewa. Tangu miaka ya 1980 jina UKIMWI limebeba ndani yake maneno kinga mwilini, nalo limefika kila kijiji. Taifa zima limekwisha jifunza kwamba kinga ni nguvu ya mwili ya ndani, nayo maabara zimekwisha zoea kingamwili. Msanifu wa istilahi hawezi kulinyang'anya neno maana iliyokwisha lipiwa kwa machozi mengi kiasi hicho.

Kwa hiyo ninaonelea njia ya tatu. Neno kinga tuliache kwa mwili, lakini katika maandishi ya wasafiri lisisimame peke yake kamwe. Kwa vizuizi, tutumie kitenzi: kujikinga na mbu, ambapo adui ametajwa na mtendaji ametajwa. Kwa dawa, tuseme kwa urefu dawa ya kuzuia malaria, kama wasemavyo watu wenyewe. Niliwahi kuvutiwa na dawa tangulizi kwa ufupi wake, lakini nimeiacha, kwa kuwa inasisitiza mwanzo na kusahau zile wiki 4 za mwisho. Kwa sindano, chanjo yatosha. Na kwa ule uwezo wa mzaliwa wa penye malaria, tusiuite kinga hata kidogo. Tuuite ustahimilivu. Astahimiliye ameguswa na jambo naye analivumilia, hakuepushwa nalo. Tena kila msemaji wa Kiswahili anajua kwamba ustahimilivu una kikomo, jambo ambalo neno kinga halimwambii.

Mswada ule ulikuwa na dosari nyingine mbili ambazo zafaa kutajwa kwa ufupi, maana zinatokana na kosa lile lile la kutaja jambo bila ya kulipambanua.

Ya kwanza ni jina malaria ya kigeni, lililowekwa kinyume cha malaria ya wenyeji. Katika istilahi zilizotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016, kinachoainishwa ni mahali pa kuambukizwa, si uraia wa mgonjwa. Chukua Zanzibar, ambako malaria imeshushwa mno tangu miaka ya 2000, na ambako imeonekana mara kwa mara kwamba wagonjwa wengi wametoka safarini. Mzaliwa wa Makunduchi aliyeambukizwa Bara akarudi kwao, je, ugonjwa wake ni wa kigeni au wa wenyeji? Jina hilo linamtia mgeni lawama na kumtoa mwenyeji katika hadhari. Afadhali tuseme ambukizo la nje kwa lile lililopatikana nje ya eneo linalohusika. Ambukizo fuatizi kwa lile ambalo mbu wa hapo amelichukua kutoka kwa mwenye ambukizo la nje na kumpa mtu mwingine. Na ambukizo la ndani kwa lile lisilo na uhusiano huo wa karibu. Tofauti hizo ni za lazima. Ugiriki, mwaka 2011, na Marekani, mwaka 2023, zilipata wagonjwa ambao hawakusafiri popote, kwa kuwa mbu wa kueneza malaria bado wapo huko ingawa vimelea vilikuwa vimeondolewa. Kwa sababu hiyo hiyo, "nchi isiyo na malaria" isomeke nchi isiyo na malaria ya kudumu.

Ya pili ni usemi malaria imerudi. Unaweza kuwa na maana kwamba dawa haikuviua vimelea vyote katika damu. Au kwamba Plasmodium vivax ama Plasmodium ovale, vilivyolala katika ini, vimeamka baada ya miezi au hata miaka. Au kwamba mtu ameumwa na mbu mwingine, akaambukizwa upya. Tiba zake si moja. Napendekeza kuibuka tena kwa la kwanza, kuamka kwa vimelea kwa la pili, na kuambukizwa upya kwa la tatu.

Ili tusiishie katika kukosoa tu, nayatoa hapa maneno tuliyomrudishia mfasiri badala ya ile sentensi yake: "Hata kama ulizaliwa Afrika na uliwahi kuugua malaria, ustahimilivu wa mwili wako hupungua ukiishi mbali. Kabla ya safari, mwone daktari akupe dawa ya kuzuia malaria. Imeze kila siku au kila wiki kama ulivyoagizwa, na uendelee kuimeza baada ya kurudi mpaka siku zitimie. Usiku jikinge na mbu. Ukipata homa ukiwa safarini, au katika miezi ya kwanza baada ya kurudi, au hata mwaka mzima baadaye, kapimwe damu siku hiyo hiyo, na umwambie daktari ulikotoka."

Maneno haya ni marefu kuliko yale ya mwanzo mara nyingi, na mfasiri alilalamika kwamba yatamharibia mpango wa ukurasa. Tulimjibu kwamba picha ya ndege iliyokuwa juu yaweza kupunguzwa.

Walimu wa sayansi na wa lugha, wafasiri wa wizara, na watumishi wa afya walioko mipakani na bandarini wanaombwa wayapime mapendekezo haya kwa wale wanaowahudumia, kisha watuandikie. Ikiwa ustahimilivu unaeleweka vingine huko Kigoma, Lamu au Bukavu, ni vema tulijue jambo hilo sasa, kabla neno halijapigwa chapa.