Nipe Risiti Kwanza: Namna ya Kuitambua Printa Njema ya Mkononi

Wakata tiketi wa mabasi huniletea printa zao za mkononi, zile ndogo za kuning'inia kiunoni, na karibu wote huanza kwa kunikabidhi mashine. Mimi huomba risiti. Gamba la printa linaweza kung'aa na ndani pakawa pamechoka, lakini risiti haina pa kujificha. Ugonjwa wa kichwa cha kuchapia, wa rola, wa betri na wa karatasi yenyewe huandikwa pale pale, kwa anayejua kusoma.

Juzi kijana anayekatia tiketi stendi ya Magufuli, kule Mbezi, alikuja na mbili. Moja mpya kabisa, bado ina nailoni ya dukani. Nyingine imeshatumika, gamba limekwaruzika kama sufuria la mama lishe. Muuzaji amemwachia azijaribu hadi jioni, achague moja.

"Kaka, niambie tu ipi nzuri."

"Mdogo wangu, sijui. Zichapishe zote mbili kwanza."

Hakuhitaji simu wala programu. Printa nyingi za aina hii, ukizizima, ukashikilia kitufe cha kusogeza karatasi kisha ukawasha, hutoa ukurasa wa kujipima: jina la mashine, mipangilio yake na safu za herufi. Anayenunua bila kuomba ukurasa huo amenunua gamba.

Kabla ya kuusoma, lazima tuachane na neno moja. Watu husema "wino umeisha" maandishi yanapofifia. Ndani ya printa hii hamna wino hata tone. Rangi imo kwenye karatasi. Upande mmoja umepakwa dawa yenye rangi isiyoonekana pamoja na tindikali ya kuiamsha. Joto likiyeyusha tabaka hilo, viwili hivyo hukutana, na mahali palipoguswa panakuwa peusi. Kwaruza karatasi kwa ukucha: upande utakaoacha alama ya kijivu ndio wenye dawa, na ndio unaopaswa kukitazama kichwa. Kichwa chenyewe ni mstari mmoja wa vipashajoto vidogo mno. Kwenye karatasi ya milimita 58, eneo linalochapwa ni milimita 48, nukta 8 kwa kila milimita, jumla nukta 384 zilizojipanga kama askari wa gwaride. Karatasi hupita juu yao ikisukumwa na rola ya mpira, nazo huwaka na kuzima. Hakuna kinachogonga, hakuna kinachorushwa. Jack Kilby wa Texas Instruments, yule yule aliyeonyesha saketi unganishi mwaka 1958 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, anatajwa miongoni mwa wavumbuzi wa uchapaji huu, na mashine ya kampuni yake ya mwaka 1971 iliitwa Silent 700 kwa sababu ya ukimya wake. Ukimya huo bado ni kipimo. Printa inayolia kama inatafuna mchanga, gia zake zimeingiliwa na vumbi au meno yamelika.

Sasa tusome. Nyoosha ukanda mezani, kwenye mwanga wa dirisha, uutazame kwa urefu wake.

Ukiona mstari mwembamba mweupe unaoshuka kutoka juu hadi chini, ukipita katikati ya herufi zote bila kuhama, kuna nukta isiyofanya kazi. Usikate tamaa mapema, kwa maana huenda ni uchafu umeganda juu yake. Safisha, chapisha tena. Mstari ukitoweka, ulikuwa uchafu. Ukibaki pale pale, nukta imekufa, na nukta iliyokufa haifufuki. Dawa yake ni kichwa kipya, ambacho kwa printa ndogo hukaribia bei ya mashine. Mstari mmoja pembeni naweza kuuvumilia. Katikati, penye nauli na namba ya kiti, siuvumilii, maana utakula sehemu ya tarakimu na abiria atasoma nyingine.

Ukanda uliokolea upande wa kushoto na kufifia upande wa kulia unaeleza habari nyingine: kichwa hakilali sawasawa juu ya rola. Pengine kifuniko hakikubana upande mmoja, pengine springi imelegea, pengine mashine ilianguka. Ukifunga kifuniko kwa kukibonyeza katikati kwa viganja viwili na ukanda ukawa sawa, kosa lilikuwa la mkono. Herufi zilizobanana, fupi kama zimekaliwa, maana yake karatasi inakwama: roli limejaa mno chumbani mwake, au rola imekuwa na utelezi. Weusi unaokuja na kuondoka kwa vipindi vinavyolingana, kama mawimbi, ni rola iliyopata ubapa sehemu moja.

Halafu kuna dalili ninayoipenda kwa sababu inawadanganya wengi. Maandishi ya kawaida yanatoka meusi safi, lakini kikifika kichwa cha habari kilichokolezwa, au bango jeusi lenye herufi nyeupe, weusi unageuka kijivu na mwendo unapungua. Hapo kichwa ni kizima. Betri ndiyo imechoka. Nukta moja hula umeme kidogo, lakini ziwashwe makumi kwa pamoja na betri inadaiwa ampea 2 na zaidi kwa kufumba na kufumbua. Betri changa hulipa deni hilo. Betri kongwe huonyesha imejaa kwenye taa yake, kisha volti zinaanguka pale zinapohitajika. Kwa hiyo mimi hupima betri kwa bango jeusi kuliko kwa taa. Na kwa sababu hiyo hiyo nawasihi wenye mabasi waondoe mabango meusi kwenye tiketi zao. Yanapendeza, lakini yanakula chaji ya tiketi kadhaa kila yanapochapwa.

Kipimo changu cha mwisho cha macho ni msimbo wa QR, kama ule ulioko kwenye risiti za EFD, mashine za kodi. Kichwa dhaifu huuacha na matundu meupe. Joto lililozidishwa hufanya kinyume, miraba myeusi inavimba na kumeza myeupe. Usibishane na mtu, chukua simu uusome. Ukisomeka mara moja, simu ikiwa mbali kidogo na mwanga wa kawaida, joto liko mahali pake. Printa nyingi zina mpangilio wa ukolevu. Anza chini, panda hadi msimbo usomeke bila taabu, uishie hapo. Kila hatua ya juu zaidi unailipa kwa betri na kwa umri wa kichwa.

Zile mbili za kijana? Mpya ilitoa ukurasa wa kujipima mzuri sana. Ya zamani ilikuwa na mstari mweupe mmoja, karibu na ukingo wa kulia. Kijana alikuwa ameshaanza kuirudisha ya zamani kwenye mfuko. Nikamwambia angoje, tuisafishe.

Usafi wa printa ni kazi ya dakika tano, na nimeona ikifanywa kwa wembe, kwa ncha ya kisu, hata kwa petroli. Kichwa kina tabaka jembamba la kinga, na chuma kikiligusa mara moja tu kinaweza kuua nukta kumi. Zima mashine, iache ipoe, fungua. Chovya kijiti cha masikio kwenye spiriti kali isiyo na mafuta wala manukato, usitumie jeli ya kutakasia mikono, kisha pitisha juu ya mstari wa kichwa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kijiti kitatoka kijivu. Badilisha hadi kitoke safi. Subiri ikauke vizuri kabla ya kufunga. Rola yenyewe inatosha kupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu huku ukiizungusha kwa kidole. Spiriti nyingi huukausha mpira. Anayefanya kazi kwenye vumbi la Singida au Dodoma afanye hivi kila baada ya roli chache. Wa pwani, Tanga au Mombasa, ana adui mwingine, hewa ya chumvi, ambayo hula viunganishi vya chaja na betri. Hivyo navyo vipanguswe kwa kitambaa kikavu.

Watengenezaji wengi hukiahidi kichwa umri wa kilomita 50 za karatasi. Piga hesabu. Tiketi 200 kwa siku, kila moja sentimita 15, ni mita 30. Kichwa kingepaswa kufanya kazi zaidi ya siku 1,600. Vingi ninavyoviona havifiki hata nusu ya hapo, na vinavyoviua ni mchanga, visu, joto la kupindukia na karatasi mbaya.

Karatasi mbaya ndiyo huniuma zaidi, kwa sababu huuzwa kwa mtu anayedhani anabana matumizi. Pitisha kidole: karatasi njema ni laini kama ganda la yai. Ile yenye mikwaruzo kama chokaa inakisaga kichwa na kukiachia unga. Halafu tazama bomba la katikati. Roli la kipenyo cha milimita 40 lenye bomba la milimita 12, kwa karatasi ya unene wa kawaida, lina karibu mita 20. Likiwa na bomba la milimita 25 hubaki kama mita 14, na kwa nje yote mawili yanafanana. Na usingoje roli liishe kabisa. Mistari ya rangi inapotokea pembeni, badilisha, maana rola ikizunguka bila karatasi mpira unasugua kichwa.

Kisha ipo karatasi inayochapa vizuri leo na kufifia baada ya miezi. Hiyo haionekani dukani, lakini inaweza kubanwa iseme. Chapisha risiti, kata vipande viwili, kimoja kiweke gizani ndani ya kitabu, kingine kwenye dirisha linalopigwa jua, uvilinganishe baada ya wiki. Jua, mafuta, spiriti na plastiki laini ya pochi ni maadui wa maandishi haya. Niliwahi kubandika risiti ya friji kwenye daftari kwa selotepu ili isipotee, na gundi ya selotepu ndiyo iliyoifuta. Nilipoihitaji kwa ajili ya dhamana, palikuwa na ukanda mweupe safi. Mfanyabiashara wa Tanzania anatakiwa na sheria ya kodi kutunza kumbukumbu zake kwa miaka 5. Risiti ya joto aipige picha au aitoe nakala siku ile ile. Na anayezishika kutwa nzima achague karatasi isiyo na bisfenoli A, kemikali ambayo Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo cha asilimia 0.02 kwenye karatasi hizi tangu mwaka 2020. Mikono iliyotoka kupakwa losheni au kitakasa huinyonya zaidi.

Jambo moja la lugha. Mstari wa printa hii huchukua herufi 32, na maneno yetu ni marefu. "Halmashauri ya Manispaa ya Kinondoni" ina 36 pamoja na nafasi, kwa hiyo programu isiyojali itaandika "Kinon" juu na "doni" chini. Na kuna ritifaa. Simu nyingi huiweka iliyopinda badala ya iliyonyooka, printa isiielewe, na abiria wa Nyang'hwale apewe tiketi yenye ΓÇÖ katikati ya jina la kwao. Kabla ya kuikubali programu yoyote, chapisha "ng'ambo". Jina la mahali pa mtu likitoka limevunjika, kazi haijaisha.

Betri nimeshaigusa. Ninaongeza haya tu. Nyingi ni za lithiamu, volti 7.4, na zikijaa hufika 8.4. Usiichaji juu ya dashibodi jua likiwaka, maana ikizidi nyuzi 45 unaizeesha. Ukienda likizo iache na chaji nusu, si tupu. Ikivimba, hata kidogo, itoe na usiitoboe. Dashibodi hiyo hiyo huharibu hata karatasi: joto likizidi nyuzi 60 hivi, roli zima linaweza kuwa kijivu kabla halijachapwa neno.

Turudi mezani. Baada ya vijiti vitatu, mstari mweupe wa ile ya zamani ulitoweka. Nikamwambia kijana achapishe tiketi 30 mfululizo kwa kila moja, kisha aweke ya kwanza kando ya ya 30. Za printa ya zamani hazikutofautiana. Za ile mpya, kufikia ya 20 nauli ilikuwa imeanza kupauka, na kufikia ya 30 simu yake ilikataa kuusoma msimbo, huku taa ya betri ikisema imejaa. Alizigeuzageuza tiketi zile mbili kwa muda, akazisogeza dirishani, akazirudisha mezani.

"Kaka, betri ya hii ya zamani ni ya namna gani?"

Nikaitoa tukaitazama pamoja. Bapa, haijavimba, viunganishi vinang'aa. Akachomoa nailoni ya ile mpya iliyokuwa imeanza kubanduka, akairudishia vizuri, akaifunga kwenye boksi lake. Ile iliyokwaruzika akaivaa kiunoni.