Sare, Rangi na Ukweli: Uhakiki wa Sanamu za Askari

Miongoni mwa kazi za sanaa zinazodai kutusimulia historia yetu, sanamu ya askari ina mahali pake pa pekee. Msimulizi akisahau kutaja rangi ya vazi la askari, msikilizaji hujazia mwenyewe. Mpaka rangi hana nafasi hiyo. Kila kifungo, kila pindo na kila mkunjo wa nguo lazima aupatie rangi, na kila rangi anayoiweka ni kauli juu ya mtu aliyevaa nguo ile. Katika insha hii tunakusudia kuhakiki sanaa hiyo ya kupaka rangi sare za sanamu kubwa za askari, na kujiuliza uhalisi wake hupimwa kwa kipimo gani. Rai yetu ni kwamba sare iliyopakwa sawasawa ni ile inayoonyesha vita vilimtenda nini mvaaji wake. Usahihi wa vifungo pekee hautoshi.

Hatuna budi kuanza na sanamu ambayo karibu kila mwanafunzi wa Dar es Salaam anaifahamu, yaani Mnara wa Askari katika Barabara ya Samora. Sanamu hiyo ya shaba nyeusi, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, ilizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana upande wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Mahali hapo hapo Wajerumani walikuwa wamemsimamisha gavana wao, Hermann von Wissmann, naye askari Mwafrika akawekwa chini yake akimtazama bwana wake juu. Kwa kulinganisha sanamu hizo mbili, tunaona kwamba ile ya 1927 ilipiga hatua: askari amepanda juu ya jiwe, na bunduki yake yenye singe ameielekeza bandarini.

Hata hivyo, shaba nyeusi ina mipaka yake. Huifanya ngozi, nguo na chuma vyote kuwa kitu kimoja. Faida yake ni heshima na ujumla, kwa kuwa kila ukoo unaweza kumwona babu yake katika umbo lile. Hasara yake ni kwamba vumbi, jasho na kiraka havionekani. Ndipo kazi ya mpaka rangi inapoanza.

Pembezoni mwa mji huu ujuzi unaohitajika kwa kazi hiyo haukosekani. Wapo wachongaji wa Mwenge upande wa Kinondoni, na wapo maseremala wa Keko upande wa Temeke. Upo pia urithi wa Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora mnamo mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, ambaye wafuasi wake wameendeleza mtindo wake huko Msasani. Wala asitokee mtu akadai kwamba kupaka rangi mti uliochongwa ni jambo geni kwetu. Kinyago cha mpingo huachwa na rangi yake ya asili, lakini barakoa za mapiko za Wamakonde huchongwa kwa mti mwepesi na kupakwa rangi.

Pamoja na hayo, si kila rangi inafaa kila kazi. Rangi ya mafuta, ambayo ndiyo roho ya mtindo wa Tingatinga, hung'aa. Mng'ao huo humpendeza ndege na samaki, lakini humharibu askari. Nguo ya pamba hainga'i, huunywa mwanga. Sare iliyopakwa rangi inayong'aa humfanya askari aonekane ametoka kunyeshewa mvua, au ametengenezwa kwa bati. Fundi mwenye busara hutumia rangi iliyofifia kwenye nguo, na mng'ao huuweka akiba kwa vitu vinavyong'aa kweli: bizimu ya mkanda, singe, na macho.

Ukubwa wa sanamu nao una sheria zake. Katika sanamu ndogo kama kidole, nukta moja yatosha kuwa kifungo. Katika sanamu ya sentimita 30, ambayo ni kama sehemu moja ya sita ya mtu mzima, mtazamaji huingia ndani ya mikunjo. Hapo mpaka rangi hulazimika kufikiri kama jua linavyofikiri. Jua huchujua mabega na mgongo, lakini pale mkanda wa begani ulipokaa nguo hubaki na rangi yake ya awali. Vumbi hupanda kutoka chini, likawa zito miguuni na jepesi kiunoni. Magoti na viwiko huchakaa kabla ya kifua. Anayepaka uchafu kila mahali kwa kipimo kimoja hajaonyesha safari. Ameichafua sanamu tu.

Sasa tuitazame rangi yenyewe ya kaki. Neno hili limetoka katika lugha za Asia, na asili yake ni vumbi. Wengi hudhani kaki ni rangi moja inayopatikana ndani ya kopo. Historia ya vita vya 1914 hadi 1918 katika nchi yetu yakanusha dhana hiyo. Wajerumani walipozuiwa kupata mizigo kutoka kwao, nguo zilifumwa humu humu nchini na kutiwa rangi zilizotokana na mimea. Mwezi Novemba 1917, baada ya kuvuka Ruvuma na kuishinda kambi ya Wareno huko Ngomano, jeshi hilo lilichukua silaha na sare za adui na kuzitumia. Kwa hiyo anayepaka kundi la askari wa mwisho wa 1917, wote katika kaki moja safi, amewavisha nguo ambazo hawakuwa nazo. Kwa askari hao, mchanganyiko ndio usahihi.

Swali la kwanza la mhakiki, basi, liwe hili: huyu ni askari wa mwaka gani? Kikosi cha 6 cha KAR kiliundwa mwaka 1917, na ndani yake waliingizwa askari waliokuwa wamewatumikia Wajerumani. Mtu yule yule, mwenye miguu ile ile na makovu yale yale, alibadilishiwa beji akaelekezewa adui mwingine. Baada ya Uhuru mwaka 1961 jeshi lililorithiwa liliitwa Tanganyika Rifles. Nalo lilivunjwa baada ya maasi ya Januari 1964, na tarehe 1 Septemba 1964 likaanzishwa Jeshi la Wananchi. Ndani ya umri wa mtu mmoja, sare ilibadilika mara kadhaa. Sanamu isiyo na tarehe haiwezi kuwa sahihi wala kukosea, ni mapambo.

Wapo watakaotupinga wakisema kwamba askari ni nidhamu, na nidhamu huonekana katika unadhifu. Kumpaka askari viraka ni kumvunjia heshima. Hoja hii ina uzito, nasi tunaikubali kwa sanamu ya gwaride. Lakini ukimweka askari yule yule porini, baada ya miezi ya njaa na homa, ukamwacha na mistari ya pasi suruali yake, umeiondoa gharama aliyoilipa. Unadhifu wa namna hiyo ndio uliopendwa na picha za kikoloni, kwa kuwa vita visivyo na tope ni rahisi kuvisifu.

Isitoshe, sare inaweza kutupofusha tusiwaone wasiokuwa nayo. Makadirio mengi huonyesha kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yao walifika kama 95,000, wengi wao kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo latokana na kikosi chao. Mnara wa Nairobi, uliozinduliwa mwaka 1928, ulimweka mpagazi kando ya askari. Wa Dar es Salaam una askari peke yake. Kambi ya Lugalo nayo, huko huko Kinondoni, ina jina la mahali ambapo mwaka 1891 Wahehe waliwashinda Wajerumani na askari wao. Siku ile waliovaa sare ndio walioshindwa. Fundi atakayetaka kuionyesha Lugalo kwa sanamu atahitaji bidii ile ile, kama si zaidi, katika kuupaka mgolole wa Mhehe kama anavyoupaka mkanda wa askari.

Kwamba sare si kitambaa tu, jamii yetu inalijua hilo. Mwezi Agosti 2023 Jeshi la Wananchi liliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi ya kijeshi na yale yanayofanana nayo. Vazi linalobeba mamlaka kiasi hicho haliwezi kupakwa rangi kwa mzaha.

Tunawashauri walimu wa historia na wa sanaa washirikiane katika jambo hili. Mwanafunzi wa Temeke au Kinondoni akipewa kipande cha mti mwepesi na makopo matatu ya rangi, aulizwe kwanza: askari wako ni nani, wa mwaka gani, ametoka wapi kwa miguu, na nani aliyembebea mzigo? Akiisha kujibu maswali hayo, hatakuwa na shaka kuhusu mahali pa kuweka vumbi.