Safari ya Shujaa na Mgeuko wa Vikale katika "Bina-Adamu!"

Imekuwa desturi, hasa katika tasnifu za wanafunzi wetu, kuichukua ramani ya Joseph Campbell ya mwaka 1949, yaani kuondoka, kujaribiwa na kurejea, na kuipachika juu ya kila riwaya yenye msafiri. Vikale vikishapatikana, uhakiki huhesabiwa kuwa umekwisha. Makala haya yadai kwamba hapo ndipo ulipopaswa kuanza.

Tuitazame "Bina-Adamu!" ya K. W. Wamitila, iliyochapishwa Nairobi mwaka 2002. Kwa juu juu ramani yatimia: msimuliaji asiye na jina aondoka kijijini, aongozwa na Hanna, apita mabara akimsaka P.P. Lakini P.P. ni nani? Ni Peter Pan, yule mtoto wa tamthilia ya J. M. Barrie ya mwaka 1904 aliyekataa kukua. Katika jamii zetu nyingi, safari ya shujaa ina sura ya jando: huenda mwana, hurudi mtu mzima. Wamitila ameipindua. Msafiri atakiwa kukomaa, ilhali mwenye kuichezea dunia hataki kukua.

Yupo atakayesema kwamba mgeuko huu ni zao la usasabaadaye wa Ulaya. Sikubaliani naye. Fumo Liyongo, katika utendi wa Muhamadi Kijumwa wa mwaka 1913, harejei na tunu yoyote. Achomwa sindano ya shaba na mwanawe, afa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, na watu waogopa kuteka maji. Shujaa wetu mkuu auacha mji na kiu. Ramani ilikwisha kutiliwa shaka hata kabla haijachorwa.

Katika "Walenisi" ya Katama Mkangi (1995), Dzombo, aliyehukumiwa kifo na kurushwa angani, afikia jamii yenye haki. Jina la jamii hiyo lajifasiri: wale ni sisi. Mkangi, aliyetiwa kizuizini mwaka 1986, hakuitumia safari kama pambo la fani, aliielekeza nyumbani.

Sisemi kwamba Campbell hafai. Nasema kwamba kuzitaja hatua si kuzifasiri. Hapana budi tuwaulize wanafunzi wetu shujaa ameleta nini, amemletea nani, na nani amebaki na kiu.