Hata Meli Isiyoonekana Ina Bomba la Moshi

Wapenzi wa hadithi za anga za juu wana ugomvi usioisha: je, chombo kinaweza kuficha moto wa injini yake adui asikione? Kwa miaka mingi nilikuwa upande wa wanaosema, jamani, hii ni hadithi tu, tuachieni raha zetu. Juzi nimeitazama tena Star Trek VI: The Undiscovered Country, filamu ya 1991 ya Nicholas Meyer, nikahama upande.

Jenerali Chang, Mklingoni anayemwaga maneno ya Shakespeare kila akifungua kinywa, ana chombo kisichoonekana. Vyombo vya aina hiyo huko nyuma vililazimika kujifunua kwanza ndipo virushe makombora. Hiki kinapiga kikiwa bado mafichoni. Enterprise inatandikwa, na waliomo hawajui warudishe wapi. Hapo ndipo Uhura anapotoa wazo: kama kinatembea, basi lazima kina bomba la moshi. Kombora linarekebishwa lifuate gesi ya injini, na habari ya Chang inaishia hapo.

Ukiipima kwa fizikia, filamu imegusa robo tu ya tatizo. Roketi inakwenda mbele kwa kutupa kitu nyuma, na kitu hicho ni cha moto. Huko kinakotupwa, anga lina baridi ya karibu nyuzi 270 za Selsiasi chini ya sifuri. Ni kama kuwasha kibatari katikati ya uwanja usiku wa giza. Haya, zima injini. Bado watu waliomo ndani wanahitaji joto ili waishi, na joto hilo lisipotolewa nje litawapika. Unaweza kulielekeza upande mmoja, ukajikinga kwa ngao kama ile ya tabaka 5 ya darubini ya James Webb, ambayo upande wake mmoja unachomwa na jua na mwingine uko kwenye baridi kali mno. Lakini aliyesimama upande wa moto anakuona vizuri tu.

Sasa linganisha na riwaya ya Leviathan Wakes (2011) ya James S. A. Corey, jina la kalamu la Daniel Abraham na Ty Franck. Meli ya kubeba barafu, Canterbury, inaitikia mwito wa msaada na kuangukia mtegoni. Mviziaji amejificha kwa kutulia kimya. Yaani anayetaka kufichika hawezi kukimbia, na akikimbia kila mwenye darubini anajua yuko wapi. Hofu ya sura zile inatoka hapo: mwindaji naye amefungwa.

Kwa hiyo siku hizi siulizi tena kama inawezekana. Nauliza: huku kujificha kumemgharimu nini? Chang hakugharimika chochote mpaka dakika za mwisho, na huo ni udhaifu. Mwandishi alilihifadhi wazo la moshi mfukoni, akalitoa alipolihitaji.

Hata hivyo namsamehe, kwa sababu filamu nzima inahusu alama zinazobaki. Wala njama wa pande zote mbili wanamuua Gorkon, kiongozi wa Waklingoni, ili amani isipatikane. Wauaji wanaingia na viatu vya sumaku, wanamaliza kazi, na nyuma yao yanabaki matone ya damu na viatu vyenyewe. Mficha maradhi, kilio humfichua. Moshi wa Chang ni ndugu wa viatu vile.

Nisichosamehe ni jambo jingine. Jina la Uhura limetokana na neno letu, uhuru. Yeye ndiye ofisa wa mawasiliano, lakini filamu hii hii imemweka apekue makamusi ili abahatishe Kiklingoni, tuangue kicheko. Baadaye anasema jambo la busara kuliko yote yaliyosemwa katika vita vile, na papo hapo kamera inakimbilia kwa Spock na McCoy walioinamia kombora. Aliyegundua moshi anabaki kitini.

Itazameni tena, halafu mniambie ni nani hasa aliyefichwa.