"Mambo?" na ushahidi wa damu

Miradi mingi ya afya kwa simu hujisifu kwa idadi ya ujumbe uliotumwa. Anayefikiria kuleta mradi wa namna hiyo Kolwezi, mkoani Lualaba nchini Kongo, au mbali zaidi huko Musumba, afadhali asome kwanza jaribio la WelTel la Kenya, lililochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2010.

Teknolojia yake ilikuwa hafifu: "Mambo?" kwa SMS, mara moja kwa wiki, kwa watu walioanza ARV, dawa za kudhibiti virusi vya UKIMWI. Mgonjwa alikuwa na saa 48 za kujibu "Sawa" au "Shida". Mwenye shida, na aliyenyamaza, alipigiwa simu na muuguzi. Ustadi ulikuwa kwenye upimaji.

Watu 538 wa kliniki tatu, mbili za Nairobi na moja ya Kajiado, waligawanywa kwa nasibu: 273 wapate ujumbe, 265 wahudumiwe kama kawaida. Wagonjwa na wauguzi walijua nani yuko kundi gani. Jambo hilo halifichiki. Ndipo penye mtego, kwani anayejuliwa hali kila wiki huona haya kukiri kwamba aliruka dozi. Kwa hiyo, pamoja na kuwauliza, watafiti walipima virusi kwenye damu, na maabara haikuambiwa sampuli ni ya kundi lipi. Kwa vinywa vyao, asilimia 62 ya waliopata ujumbe walimeza dawa ipasavyo, na 50 ya wenzao. Damu ilipunguza pengo: virusi vilidhibitiwa kwa asilimia 57 ya waliopata ujumbe, dhidi ya 48 ya wenzao. Mimi naiamini damu. Tena waliopotea njiani walihesabiwa kuwa wameshindwa. Kuwaacha nje kungeipamba hesabu.

Baadaye "Mambo?" ileile ilijaribiwa Kibera, jijini Nairobi, kwa watu 700 waliogunduliwa karibuni kuwa na virusi, safari hii swali likiwa kama wangebaki kliniki mwaka mzima. Matokeo ya mwaka 2018: asilimia 79 ya waliopata ujumbe walibaki, na 81 ya wasioupata. Yaani, haikusaidia.

Ikiwa Kenya yenyewe ilitoa majibu mawili, Lualaba haiwezi kuazima hata moja. Musumba, makao ya Mwant Yaav, mfalme wa Waruund, watu huzungumza Kiruund, na muuguzi wa kupiga simu ni lazima apatikane kwanza. Atakayekuja na programu yake aulizwe: mmelinganisha na nani, nani alipima, na waliopotea mmewahesabu vipi?